Mwanya wa Mlango: Historia ya Pikapu za Zamani, Kutu na Mafundi Wasiotajwa

Ni usiku, unapitia Instagram, unakutana na pikapu ya Chevrolet ya mwaka 1950. Rangi ya bluu inang'aa, matairi yana ukingo mweupe, boneti limeviringa kama kichwa cha kiboko. Unaipa like, unaandika "hiki chuma si mchezo", unaendelea na mambo yako. Watu wengine kibao wamefanya hivyo hivyo. Ila karibu wote wametazama rangi. Fundi bodi akiletewa picha hiyo hiyo, jicho lake linakwenda kwingine kabisa: kwenye ule mwanya mwembamba kati ya mlango na kebini.

Mwanya ukiwa sawa kuanzia juu hadi chini, maana yake kuna mtu alikaa na gari hilo akalifanyia kazi. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, kuna kitu kimelegea au kimeoza, na rangi nzuri imepigwa juu yake. Mwenye gari anaweza asijue mpaka siku bawaba ya mlango itakapong'oka na kipande cha bodi.

Historia ya mwanya huo ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Na walioitengeneza wengi hawajatajwa popote.

Zamani bodi ilikuwa kazi ya seremala

Miaka ya mwanzo ya magari, bodi ilikuwa mbao. Seremala alitengeneza fremu, kisha bati likapigiliwa kwa nje. Mlango ukikwama, mtu alichukua randa akapunguza mbao kidogo, basi, yameisha. Shida ni kwamba mbao hunywa maji, huvimba, hulegea na mwisho huoza. Gari likishatembea barabara mbovu miaka michache, milango inaanza kupiga kelele kama kabati bovu.

Mwaka 1914 ndugu wawili wa kampuni ya Dodge, Marekani, walianza kuuza gari lenye bodi ya chuma kitupu. Chuma hicho kilikandamizwa kwa mashine na kuchomelewa na kampuni ya Budd ya Philadelphia. Wengine wakafuata taratibu. Kwenye malori na pikapu mambo yalichelewa, maana mnunuzi alikuwa mkulima au mfanyabiashara ambaye hakuwa na habari na urembo. Ford ilipotoa pikapu yake ya kwanza ya kiwandani, Aprili 1925, iliiuza kwa dola 281. Kwa bei hiyo, nani angeuliza kuhusu mianya ya milango?

Chuma kilitatua tatizo la mbao kuoza, kikaleta mengine mawili. La kwanza, chuma hakipunguzwi kwa randa. Kipande kikitoka kwenye mashine kikiwa kimepinda kidogo, lazima mtu akilazimishe kikae. La pili, chuma kinapata kutu.

1947: kebini mpya mjini

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Marekani viliacha magari ya raia vikageukia vifaa vya jeshi. Vita vilipoisha, watu walikuwa na njaa ya magari. Chevrolet wakatoka mwaka 1947 na pikapu ambazo wapenzi wake mpaka leo wanaziita Advance Design. Ndizo hizo hizo zinazosumbua Instagram. Zilitengenezwa mpaka mapema mwaka 1955, na katika muda huo zilibadilika kidogo kidogo. Kioo cha mbele, kwa mfano, kilikuwa vipande viwili mpaka kilipofanywa kimoja mwaka 1954.

Kebini ilikuwa pana, watu watatu wanakaa bila kubanana. Toleo la bei ya juu lilikuwa na vioo vya ziada kwenye kona za nyuma, na leo ndilo linalotafutwa sana. Na hili litakushangaza: kuanzia mwaka 1949 tangi la mafuta la pikapu liliwekwa ndani ya kebini, nyuma ya kiti. Yaani dereva alikuwa ameegemea petroli.

Ford nao hawakulala. Pikapu yao mpya ya mwaka 1948 waliitangaza kwa jina la Kebini ya Dola Milioni. Waliikalisha juu ya raba na viungo vinavyocheza, ili chasisi ikijipinda kwenye mashimo, kebini isipindwe nayo. Hapo Ford walikuwa wamelijua jambo ambalo warekebishaji wa leo wanalijua kwa machungu: mlango wa pikapu hauharibikii mlangoni tu. Unaweza kuharibika kwa sababu ya raba moja iliyokufa chini ya sakafu.

Watu wa nyundo ya mpira

Sasa fikiria mstari wa kiwanda miaka hiyo. Kebini zinapita, milango inaletwa, madigadi yanafungwa. Hakuna kompyuta ya kupima chochote. Kuna mtu amesimama na nyundo ya mpira, kipande cha mbao na chuma cha kukunjia. Mlango ukigoma kufunga, anaweka mbao kwenye upenyo, anasukuma mlango kwa bega, bawaba inajikunja kiasi. Anajaribu tena. Ukilia vizuri, unapita. Ukilia vibaya, anapiga tena.

Palipo na maungio ya bati, mafundi wengine waliyeyusha risasi, wakaipaka juu ya kiungo kama mpishi anavyopaka siagi, kisha wakaisaga mpaka ikawa laini. Kazi hiyo ilitoa bodi nzuri sana. Pia ilitoa vumbi la risasi, na vumbi hilo ni sumu inayoingia kwenye damu. Aliyenunua gari aliona bodi laini isiyo na alama. Vumbi lilibaki na fundi.

Majina yao hayapo kwenye matangazo. Ila kazi yao ipo. Mrekebishaji anapovua rangi ya pikapu ya mwaka 1950 leo, anaweza kukuta risasi ya kiwandani bado imeshika na alama za nyundo kwenye bawaba. Ndiyo maana wazoefu wanasema ukweli mmoja unaowaudhi wanaopenda ukamilifu: pikapu hizi hazikutoka kiwandani zikiwa na mianya iliyonyooka. Zilitoka zikiwa na mianya iliyotosha. Zilikuwa vyombo vya kubebea mbegu, saruji na ng'ombe.

Kisha ikaja chumvi

Huko Marekani kuna majimbo ambayo baridi yake inagandisha barabara. Mwaka 1938 jimbo la New Hampshire lilijaribu kumwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Ilifanya kazi. Baada ya vita barabara zikaongezeka, magari yakaongezeka, na chumvi nayo ikaongezeka. Madereva waliokolewa na utelezi. Magari yao yakaanza kuliwa kutoka chini.

Chumvi yenyewe haitengenezi kutu. Kutu inahitaji chuma, maji na hewa. Kazi ya chumvi ni kuyafanya maji yapitishe chaji za umeme kwa urahisi, na mmomonyoko wote wa chuma ni kazi ya umeme mdogo mdogo. Kwa hiyo kinachotakiwa kuchukua miaka 20 kinachukua michache tu.

Halafu kuna jinsi kebini ilivyoundwa. Pale bati mbili zinapolaliana na kuchomelewa kwa nukta nukta, maji hunyonywa katikati kama chai inavyopanda kwenye kipande cha mkate. Yakishaingia hayatoki haraka. Rangi ya kiwandani haikufika humo. Kutu ikianza hapo inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, hivyo inavimba na kuzisukuma bati mbili ziachane. Nje bado hujaona kitu.

Kwenye pikapu za miaka hiyo sehemu zinazoongoza kwa kuoza zinajulikana: kona za chini za nyuma ya kebini, sakafu ya mbele pale miguu inapokaa, ngazi ya kupandia, na nguzo za mbele zinazobeba bawaba. Vumbi, majani makavu na hata viota vya panya vinakusanyika humo. Vinaziba matundu ya kutolea maji, na kona inageuka kuwa sponji yenye maji.

Sasa rudi kwenye mwanya. Nguzo ya bawaba ikioza chini, mlango unakosa pa kushikilia. Kona ya nyuma ikioza, kebini inakaa upande. Mlango unashuka nyuma, mwanya wa mbele unapanuka juu na kubana chini. Mwenye gari anaona mlango mbovu. Kumbe mlango ni mzima, nyumba yake ndiyo inabomoka.

Puti ilivyobadilisha mchezo

Mwaka 1955 fundi bodi mmoja wa Miami, Florida, aliyechoshwa na kazi ya risasi, alipata mchanganyiko wa plastiki wa kujazia bodi. Unachanganya, unapaka, unasubiri dakika chache, unapiga msasa. Hakuna moto, hakuna risasi. Bidhaa yake ikaenea mpaka jina lake, Bondo, likawa kama jina la puti zote kwa Wamarekani.

Kwa afya za mafundi, huo ulikuwa ukombozi. Kwa kutu, ilikuwa sikukuu. Puti ni nzuri ikipakwa nyembamba juu ya chuma safi kilichonyooshwa. Ila ni rahisi mno, na kitu rahisi kinatumiwa vibaya. Watu walianza kuziba matundu nayo. Wakakandika kona nzima ya kebini kwa puti, juu ya kutu hai, wakapiga rangi na kuuza. Puti ikipata unyevu kwa nyuma inaachia. Mwaka mmoja, miwili, rangi inatoka malengelenge, kisha kipande kinadondoka kama plasta ya ukuta uliojengwa juu ya udongo wa maji.

Ndiyo maana wanunuzi wajanja wa magari ya zamani wanakwenda na sumaku ndogo imefungwa kitambaa. Sumaku inashika chuma, haishiki puti. Ukiipitisha kwenye kona ya kebini ikateleza kama iko juu ya sahani, jua unanunua puti kwa bei ya Chevrolet.

Mpangilio ambao mafundi wanauheshimu

Mafundi wanaofanya kazi hii vizuri, iwe Marekani au kwingine, wana utaratibu unaofanana. Mgeni huanza na kinachoonekana. Wao wanaanza chini.

Kwanza chasisi ikae sawa juu ya sakafu iliyo sawa, na matairi au stendi zibebe uzito vizuri. Pili, raba za kebini. Zilizokufa zinabadilishwa, na palipo chini panaongezwa kipande chembamba cha chuma mpaka kebini itulie. Gari lenye raba mbovu linaweza kukunyima mlango ulionyooka hata ukipiga nyundo mwezi mzima.

Tatu, bawaba. Jaribio lake ni la bure: fungua mlango, shika mwisho wake, unyanyue. Ukicheza juu chini, pini za bawaba zimelika. Zibadilishe kabla hujagusa kitu kingine. Usipocheza na mwanya bado umepinda, tafuta kutu kwenye nguzo au tatizo kwenye raba.

Nne, mlango unapangwa kwa bawaba peke yake, komeo likiwa limetolewa. Hapa wengi wanakosea. Komeo likiwepo linaunyanyua mlango na kukudanganya kwamba umekaa. Wengi wanaokarabati pikapu hizi wanatafuta mwanya wa kama milimita 5, na kipimo chao mara nyingi ni kijiti cha kukorogea rangi. Kikipita sawasawa juu, katikati na chini, wanaridhika.

Tano, yanafuata madigadi na fremu ya rejeta. Fremu hiyo ikipandishwa au kushushwa kidogo kwa mbele, mwanya kati ya digadi na mlango unabadilika. Boneti linakuja mwisho. Ukianza na boneti utapanga gari zima kufuata kitu ambacho hakina pa kujishikiza.

Na kama kuna kukata chuma kilichooza, kuna sheria moja isiyovunjwa: kabla ya kukata, chomelea vyuma vya kushikilia kebini ndani, kuvuka nafasi ya mlango. Kisha fanya upande mmoja, maliza, ndipo uende wa pili. Katika kazi yote mlango unafungwa na kufunguliwa mara kwa mara kuhakikisha umbo halijahama. Kuna watu wamekata pande zote mbili kwa haraka, wakachomelea kona mpya nzuri sana, kisha wakagundua mlango wa zamani hauingii tena. Kebini imeshajifunga katika umbo jipya.

Bodi yote hupangwa na kufungwa kwa boliti kabla ya rangi. Ikishakaa, wajanja wanatoboa matundu madogo kupita kwenye bawaba na nguzo. Baada ya rangi wanapitisha pini kwenye matundu hayo, na kila kitu kinarudi pale pale kilipokuwa.

Dawa ya kutu haiko nje

Viwanda vilijifunza taratibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ford walianza kutumbukiza bodi kwenye mabwawa ya rangi yenye umeme. Umeme unaivuta rangi ishike hadi kwenye kona ambazo bomba la kupulizia halifiki. Katikati ya miaka ya 1970 Porsche wakaanza kutumia chuma kilichopakwa zinki kwenye bodi ya 911. Zinki ni ile ile iliyopo kwenye bati la paa lako. Inaliwa yenyewe kwanza ili chuma kibaki.

Pikapu ya mwaka 1950 haikupata bahati hiyo. Mrekebishaji analazimika kuifanyia kwa mkono. Anaondoa kutu mpaka chuma kionekane cheupe. Anapaka praima inayoshika chuma na isiyopitisha maji. Kwenye bati zitakazolaliana anapaka praima yenye zinki kabla ya kuchomelea. Maungio anayaziba. Mwishowe, rangi ikishakauka, anaingiza mpira mwembamba ndani ya nguzo, milango na kona za kebini, anapuliza nta ya maji inayotambaa mpaka kwenye nyufa.

Kisha anafanya kitu kinachoonekana cha kipuuzi: anahakikisha matundu ya chini yako wazi. Wapo wanaoyaziba wakidhani ndiyo yanaingiza maji. Maji yanaingilia juu, kwenye raba za vioo. Matundu ya chini ni mlango wa kutokea. Ukiyaziba umetengeneza ndoo.

Na huku kwetu je?

Pwani ya Afrika Mashariki haina barafu, hivyo hakuna anayemwaga chumvi barabarani. Haina haja. Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar upepo wa bahari unaileta chumvi bure, mchana na usiku, na unyevu juu yake. Gari lililozeeka Dodoma na lililozeeka Kigamboni si gari moja, hata kama yametoka kiwandani siku moja.

Gari la zamani linalojulikana zaidi ukanda huu ni Land Rover, na lina somo lake. Lilipooneshwa Amsterdam mwaka 1948, bodi yake ilikuwa ya aloi ya aluminiamu, kwa sababu Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgao. Mpaka leo watu wanasema Land Rover haishiki kutu. Ni nusu ya ukweli. Chasisi ni chuma. Ukuta wa mbele unaobeba bawaba za milango nao ni chuma. Na aluminiamu ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, inaanza kuliwa na kutoa unga mweupe. Kwa hiyo Land Rover inaweza kuwa na mabawa yanayong'aa huku ukuta unaoshika milango umebaki kama biskuti. Na dalili ya kwanza? Ile ile. Mlango umeshuka, mwanya umepinda.

Mafundi bodi wa gereji za mitaani wanalijua hili bila kusoma popote. Wanapapasa kona kwa kiganja, wanagonga kwa kidole wakisikiliza, wananyanyua mlango. Tatizo mara nyingi halipo kwa fundi, lipo kwa mteja. Mteja anataka gari Ijumaa, kwa bei ya puti, likiwa na sura ya chuma. Fundi anayesema "kaka, hapa chini pameoza, rangi isubiri kwanza" anaonekana mchawi wa pesa. Anayesema "niachie, utaipenda" ndiye anayepata kazi.

Ndivyo ilivyokuwa Marekani miaka ya 1960, na ndivyo ilivyo leo. Pikapu zilizobaki hai baada ya miaka zaidi ya 70 zimebaki kwa sababu kila baada ya muda alitokea mtu asiye na jina akaanza kazi chini, kwenye raba, nguzo na kona zisizopigwa picha.

Kwa hiyo usiku wa leo, ukikutana tena na ile pikapu ya bluu, like yako iko pale pale. Ila kabla hujaibonyeza, kuza picha. Tazama mwanya wa mlango, juu kisha chini.

Na kwa mwenye gari la mzee au la babu limeegeshwa nyuma ya nyumba: nenda kanyanyue mlango, ucheki kama unacheza. Jibu lako lishushe hapo chini kwenye maoni.